Kuvunja akidi Texas, Oregon na kwingineko: hesabu yake ikoje, na hufanya kazi lini?

Njia_Panda

Habari zenu wakuu. Agosti 2025 wabunge zaidi ya 50 wa chama cha Democratic waliondoka Texas, wengi wakaenda Illinois, wengine New York na Massachusetts, ili muswada wa kuchora upya mipaka ya majimbo ya uchaguzi usipigiwe kura. Wiki mbili baadaye walirudi na muswada ukapita. Kuna mambo matatu siyaelewi. Wachache wanawezaje kulisimamisha Bunge wakati wenzao wana viti vya kutosha kupitisha chochote? Kwa nini watoke nje ya jimbo, wasijifungie tu majumbani mwao? Na kama muswada unapita hatimaye, walipata nini? Naomba vifungu na namba, ushabiki wa vyama tuuweke pembeni. (Nikisema "jimbo" namaanisha Texas, Oregon na kadhalika. Eneo la mbunge nitaliita jimbo la uchaguzi.)

---

Mzee_wa_Kanuni

Mkuu, anza kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kura zinazotosha kupitisha muswada, na idadi ya watu wanaotakiwa kuwepo ndipo kikao kiwe halali. Hicho cha pili ndicho akidi.

Majimbo mengi ya Marekani akidi yake ni zaidi ya nusu, kwa hiyo chama chenye wingi kinajitosheleza chenyewe. Manne ndiyo yanataka theluthi mbili: Texas, Oregon, Indiana na Tennessee. Huko wenye wingi wa kawaida hawawezi kufungua kazi bila baadhi ya wapinzani kuwepo ukumbini, hata kama hao wapinzani wamekuja kupiga kura ya HAPANA. Ndiyo maana kuja na kusema hapana ni kumsaidia mwenzako, na kutokuja ndiyo silaha.

Sasa namba za Texas. Baraza la Wawakilishi lina viti 150, akidi ni 100. Mwaka 2025 Warepublikani walikuwa 88 na Wademokrati 62. Wenye wingi walipungukiwa na watu 12. Geuza hesabu uitazame kwa upande wa wachache: ili waliopo wasizidi 99, lazima wasiwepo angalau 51. Maana yake kati ya wale 62, wakivunja msimamo 12 tu, mchezo umekwisha. Hiyo 51 ndiyo namba ambayo mnadhimu wao anaamka nayo na kulala nayo. Seneti ya Texas ina viti 31, akidi 21, kwa hiyo wanatosha 11 kuivunja.

Oregon ni ngumu zaidi kwa wachache. Seneti ina viti 30, akidi 20. Mwaka 2019 Wademokrati walikuwa 18 na Warepublikani 12. Walihitajika Warepublikani 11 wasiwepo, yaani nafasi ya kulegea ilikuwa ya mtu mmoja tu. Na walitoka 11 kweli.

Jambo dogo lenye uzito: kwa taratibu za mabunge kwa ujumla, akidi huhesabiwa ipo mpaka mtu aitilie shaka. Wachache wakiondoka wote bila kuacha mtu, spika mjanja anaweza kuendesha mambo madogo "bila pingamizi" na asiwepo wa kupinga. Mwachieni mmoja au wawili ukumbini wenye kazi ya kusimama na kudai watu wahesabiwe.

---

Bi_Sheria

Nijibu la pili, la kutoka nje ya jimbo.

Katiba ya Texas, Ibara ya III kifungu cha 10, inasema mambo mawili katika sentensi moja. Akidi ni theluthi mbili, lakini idadi ndogo zaidi inaweza kuahirisha kikao siku hadi siku na kuwalazimisha wasiohudhuria waje, kwa namna na kwa adhabu ambazo kila nyumba ya Bunge itajiwekea. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya Texas iliusoma mstari huo kama ulivyo: katiba inawezesha wachache kuvunja akidi, na katiba hiyohiyo inawapa waliobaki uwezo wa kuwakamata na kuwarudisha.

Utaratibu wake ni huu. Mbunge mmoja anatoa hoja ya kuwaita wasiokuwepo, inaungwa mkono na wabunge 15, inapigiwa kura. Ikipita, milango inafungwa na hakuna atokaye bila kibali cha maandishi cha spika. Mpambe wa Bunge, kwa msaada wa polisi wa jimbo, anatumwa kuwatafuta waliokosekana. Spika anatia sahihi hati za kuwakamata.

Lakini tazama hati hizo ni za aina gani. Si za jinai. Hakuna shtaka, hakuna kesi, hakuna kifungo. Mtu anakamatwa ili aletwe ukumbini, basi. Kwa kuwa hakuna kosa la jinai, hakuna la kumfanya gavana wa jimbo jingine amsalimishe. Polisi wa Texas mamlaka yake yanaishia mpakani. Mwaka 2025 upande wa Texas ulijaribu kuiomba mahakama ya Illinois itekeleze hati hizo, na jaji akakataa. Ndiyo sababu ya kwenda Chicago, kule Illinois, si starehe.

Kujificha ndani ya jimbo kumewahi kufanikiwa. Mei 1979 maseneta 12 wa Texas walijificha karibu siku tano palepale Austin, wengi wao katika chumba kimoja juu ya gereji, wakiukwepa muswada uliohusu tarehe ya kura za mchujo za urais. Askari waliotumwa Houston walimkamata mtu wakidhani ni Seneta Gene Jones, wakampandisha ndege, kumbe ni ndugu yake. Lakini hao walikuwa 12 na siku zilikuwa chache. Huwezi kuficha watu 51 kwa wiki mbili katika jimbo ambalo kila mmoja wao ana ofisi, familia na gari linalojulikana.

---

Saa_ya_Bunge

Swali la tatu ndilo la msingi, na naona watu wengi wanalijibu kwa hisia. Wanasema "walishindwa" au "walionyesha ujasiri". Ukweli uko kwenye kalenda. Uliza maswali mawili kabla ya kutoka: saa inaisha lini kwa mujibu wa katiba, na nani ana uwezo wa kuianzisha upya?

Texas: Bunge hukutana siku 140 kila mwaka usiogawanyika kwa mbili. Baada ya hapo gavana, na yeye peke yake, anaweza kuita mkutano maalumu wa siku zisizozidi 30, na ni yeye anayepanga ajenda. Hakuna kikomo cha mara ngapi anaita. Weka hayo mawili pamoja utaona kwamba kuvunja akidi siku za mwisho za mkutano wa kawaida kunaua muswada kwa siku hiyo, lakini gavana akiwa na nia anaufufua wiki chache baadaye.

Hicho ndicho kilichotokea mara tatu. Mei 2003 wabunge zaidi ya 50 walikwenda Ardmore, Oklahoma, wakakaa mpaka tarehe ya mwisho ya Baraza kupitisha miswada yake ikapita, wakarudi nyumbani washindi. Gavana Rick Perry akaita mkutano maalumu. Baadaye maseneta 11 wakaenda Albuquerque, New Mexico, wakakaa zaidi ya mwezi, mpaka John Whitmire aliporudi Texas na hesabu ikavunjika. Oktoba ramani ikapita. Mwaka 2021 walitoka ukumbini usiku wa Mei 30, saa chache kabla ya muda kwisha, wakaua muswada wa taratibu za kupiga kura. Gavana Greg Abbott akaufuta kwa kura ya turufu mfuko wa fedha wa Bunge lenyewe, kisha akaita mkutano maalumu. Julai 12 wakaruka kwenda Washington. Agosti 19 akidi ikarudi, na Septemba 7 gavana akasaini sheria. Mwaka 2025 mkutano maalumu wa kwanza ulifungwa Agosti 15, na wa pili ukaitwa siku hiyohiyo. Wakarudi tarehe 18, tarehe 20 Baraza likapitisha ramani kwa kura 88 kwa 52.

Sasa linganisha na 1979. Ilikuwa siku za mwisho za mkutano wa kawaida, na Naibu Gavana Bill Hobby, aliyekuwa akiusukuma muswada ule, aliamua kuuacha ili miswada mingine isife nao. Wachache walishinda kwa sababu kila siku iliyopotea ilimuumiza zaidi mwenye wingi. Kipimo ni hicho: nani anaumia saa ikienda bure?

Oregon ya 2019 nayo ni hivyo. Mkutano wa mwaka huo hauruhusiwi kuzidi siku 160, ukiwa na mwisho wa Juni 30. Warepublikani waliondoka Juni 20 kuukwepa muswada wa kuweka kikomo cha gesi chafu, HB 2020. Bajeti nyingi za wizara zilikuwa bado. Juni 25 Rais wa Seneti, Peter Courtney, akatangaza kwamba muswada hauna kura za kutosha, na Juni 29 wakarudi. Ulikufa. Walirudia mbinu hiyohiyo Februari 2020 katika mkutano wa siku 35, na muswada ukafa tena. Lakini Machi 10 Gavana Kate Brown akatoa amri yake ya kiutendaji kuhusu gesi chafu, akalipita Bunge. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu ushindi, angalia pia kama gavana ana njia nyingine ya kufika kulekule.

Kuhusu 2025: wiki mbili zile ziliipa California muda. Agosti 21 Bunge la California lilipeleka kwa wananchi pendekezo la ramani yao ya kujibu, na Novemba 4 likapita kama Pendekezo la 50. Ukipima ndani ya Texas tu, walishindwa. Ukipima nchi nzima, walinunua muda na ukatumika. Mimi nadhani huo ndio uliokuwa mpango tangu mwanzo, kwa sababu hakuna mtu anayeijua kalenda ya Texas angeweza kuamini kwamba Abbott angechoka kuita mikutano.

---

Njia_Panda

Ahsanteni sana. Swali la nyongeza: kwa nini wenye wingi hawabadilishi tu kanuni na kushusha akidi?

---

Mzee_wa_Kanuni

Kwa sababu theluthi mbili haiko kwenye kanuni, iko kwenye katiba ya jimbo. Kubadili katiba ya Texas kunahitaji theluthi mbili ya kila nyumba halafu kura ya wananchi, yaani unawahitaji walewale unaotaka kuwanyang'anya silaha.

Chochote kilichomo kwenye kanuni tu hakidumu. Seneti ya Texas ilikuwa na desturi ya miaka mingi kwamba muswada hauletwi mezani bila theluthi mbili kukubali. Mwaka 2003 iliwekwa pembeni kwa ajili ya ramani, na ndipo maseneta wakalazimika kukimbilia New Mexico, maana ngao ya ndani ilikuwa imeondolewa. Mwaka 2015 ikashushwa kuwa kura 19, na 2021 ikawa 18, sawa kabisa na idadi ya Warepublikani waliokuwepo wakati huo. Ukiona wachache wanapanda ndege, mara nyingi utakuta nyuma yake kuna kinga ya kanuni iliyofutwa.

Kuna njia nyingine ya kuipita akidi bila kuigusa. Tazama Wisconsin 2011. Seneti yao ina viti 33 na akidi ya kawaida ni zaidi ya nusu. Lakini katiba inataka tatu ya tano, yaani 20, wawepo kwa miswada ya fedha. Warepublikani walikuwa 19. Februari 17 Wademokrati wote 14 wakaenda Illinois. Wiki tatu baadaye, Machi 9, wenye wingi walivichomoa vipengele vya fedha kutoka muswada wa Gavana Scott Walker, wakabakiza vile vya kufuta sehemu kubwa ya haki za vyama vya wafanyakazi wa umma kujadiliana na mwajiri, wakapitisha kwa kura 18 kwa 1. Wale 14 walikuwa bado Illinois. Kosa la hesabu hapo ni kwamba akidi maalumu ililinda aina ya muswada, na aina ya muswada inaweza kubadilishwa kwa kalamu. Akidi ya Texas na Oregon inalinda kila kazi, hakuna cha kuchomoa.

---

Hesabu_Kwanza

Naongeza upande wa adhabu, maana huko ndiko mbinu inakobanwa siku hizi.

Faini. Baada ya 2021, Baraza la Texas liliweka kanuni mwaka 2023: dola 500 kwa siku kwa asiyehudhuria kwa nia ya kuvunja akidi. Ili uone uzito wake, mshahara wa mbunge wa Texas ni dola 600 kwa mwezi. Siku moja na nusu ya kukosekana imeshaumeza mshahara na kuzidi. Indiana nao: mwaka 2011 Wademokrati walikaa Urbana, Illinois, wiki tano, na wakafanikiwa kuuzuia mwaka huo muswada wa kukataza kulazimisha wafanyakazi kulipia chama cha wafanyakazi. Mwaka uliofuata wanaosusia walitozwa faini ya dola 1,000 kwa siku, na muswada ukapita mapema Februari 2012. Kwa mtu asiye na mfadhili, hiyo ni adhabu ya kweli.

Kunyang'anywa kiti. Abbott alifungua kesi Agosti 2025 katika Mahakama ya Juu ya Texas akitaka Gene Wu, kiongozi wa Wademokrati barazani, atamkwe kwamba ameacha kazi. Ilikuwa hoja nzito, kwa sababu kama ingekubaliwa, kila kutohudhuria kwa kisiasa kungeweza kuitwa kujiuzulu.

Oregon ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Novemba 2022 wananchi walipitisha Hatua ya 113: mbunge au seneta mwenye vikao 10 au zaidi vya kukosekana bila ruhusa hawezi kushika kiti katika muhula unaofuata. Mwaka 2023 maseneta walisusia wiki sita, na 10 kati yao wakafika kikomo. Walikwenda mahakamani wakisema maneno ya kifungu yanawaruhusu kugombea mara moja zaidi kabla ya kuzuiwa, maana uchaguzi hufanyika kabla muhula haujaisha. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Oregon ikawakatalia. Muhimu kusema: susio lile halikuwa bure, walipata mapatano, miswada kadhaa ikapunguzwa makali.

Watu huuliza: si wapeane zamu ili asiwepo wa kufika 10? Tufanye hesabu. Mwaka 2023 Wademokrati walikuwa 17, wengine 13. Ili wasifike 20, kila siku lazima wakosekane 11 kati ya 13. Kila mmoja akiruhusiwa kukosa mara 9, jumla ni 13 × 9 = 117. Gawanya kwa 11: siku 10 na kidogo. Bila zamu, kundi moja linatoka siku 9. Zamu inakuongezea siku moja tu. Wachache wangekuwa wengi zaidi zamu ingekuwa na maana, lakini basi wasingekuwa wachache wa kiasi hicho.

---

Bi_Sheria

Safi. Ila tusipite bila kugusa "theluthi mbili ya nini?" Hapo ndipo kesi huzaliwa.

Mzee_wa_Kanuni kaandika 100 kwa Texas, na ni sahihi viti vyote vikiwa na watu. Agosti 2021 viti viwili vilikuwa wazi, wabunge 148, na akidi iliyotumika ilikuwa 99. Yaani ilihesabiwa kwa waliopo madarakani. Mtu mmoja ni mwingi katika mchezo huu.

Minnesota walikwenda kinyume. Baraza lao lina viti 134 na akidi ni zaidi ya nusu. Januari 2025 Warepublikani walikuwa 67 na upande wa pili 66, kwa sababu mshindi mmoja alienguliwa kwa kutotimiza sharti la makazi. Je, akidi ni 68, zaidi ya nusu ya viti 134, au 67, zaidi ya nusu ya watu 133? Wale 66 wakasusia. Warepublikani wakajihesabia akidi na kumchagua Lisa Demuth kuwa spika. Januari 24 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema ni 68, na kazi iliyofanyika bila idadi hiyo haikuwa halali. Mapema Februari wakapatana: Demuth akawa spika kwa njia sahihi, wenzake wakarudi.

Funzo la kiutendaji kwa karani yeyote: andika kwenye kanuni, kabla ya mgogoro, kama unahesabu viti au watu.

---

Pwani_Hadi_Bara

Kwa sisi huku, wengi huuliza kwa nini upinzani wetu ukitoka ukumbini kazi inaendelea kama kawaida. Jibu ni namba. Kenya, Ibara ya 121 ya Katiba: akidi ya Bunge la Kitaifa ni wabunge 50 na ya Seneti ni 15. Bunge lenye wabunge 349 na spika haliwezi kuvunjwa na wachache kwa kutoka nje; kengele ikilia, wenye wingi wanaleta watu wao kutoka kantini na kikao kinaendelea. Tanzania ni nusu ya wabunge wote, nayo chama tawala kinaijaza chenyewe.

Penye sura inayokaribia ya Texas ni pale katiba inapotaka theluthi mbili ya wote, si ya waliopo. Bunge Maalumu la Katiba la 2014 pale Dodoma, UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka Aprili. Akidi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kura: ilitakiwa theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande peke yake. Kila aliyekosekana upande wa Zanzibar alikuwa sawa na kura ya hapana. Ndiyo maana kanuni zilirekebishwa ili walio nje, wakiwemo waliokwenda Hija, waweze kupiga kura hukohuko waliko.

---

Njia_Panda

Hapo kwenye Zanzibar ndipo nimeelewa kabisa. La mwisho: waliporudi Texas 2025, waliachiwa tu?

---

Bi_Sheria

Hapana. Hati za kukamatwa zilikuwa bado hai. Spika Dustin Burrows aliwataka Wademokrati waliokuwa wametoka watie sahihi karatasi ya kukubali kufuatwa na afisa wa polisi wa jimbo saa 24 mpaka kikao cha Jumatano, ndipo waruhusiwe kutoka mlangoni. Wengi walisaini. Nicole Collier wa Fort Worth alikataa, na kwa kuwa asiyesaini hakuruhusiwa kutoka, alilala kwenye kiti chake ukumbini.